Nduthi ya Mzee Imelala Ocha? Hivi Ndivyo Utafufua Injini Yake Ukiwa na Bedsita Tu

Unaijua hiyo nduthi. Iko pale dala, nyuma ya dero, imefunikwa na gunia na kipande cha bati. Kuku wanataga chini yake. Mzee aliiendesha mpaka ikazima, akasema ataiangalia wikendi, na hiyo wikendi haikufika. Sasa kila mara wasee wa chuma kuukuu wakipita na mkokoteni, kuna anko lazima aulize kama hiyo takataka bado inatakikana.

Yetu ilikuwa Yamaha AG100. Mbuyu alikuwa bwana shamba upande wa Nyando, na serikali ilipoiuza kwa mnada yeye ndiye aliinunua. Alipotuacha, watu wa chuma waliipimia bei ya kilo. Mimi nilikuwa nimetoka chuo mwaka wa pili bila cheti, naishi kwa bedsita Manyatta, na nikasema kama fremu itabaki nyumbani, basi injini nitatoka nayo. Ilikuja Kisumu kwa matatu ya Ahero ndani ya gunia, katikati ya miguu ya abiria. Kazi ilinichukua miezi minne. Nusu ya hiyo ni kwa sababu ya kosa moja ambalo nitakuambia huko mbele ndio wewe usilirudie.

Haya si maneno ya msee mwenye gereji. Ni ya mtu ako na mita tatu kwa tatu, kitanda, mtungi wa gesi, na landilodi mwenye masikio marefu.

Jua uko na injini gani

Pikipiki za zamani ambazo utakutana nazo upande wa ziwa ni za koo mbili. Kuna tu-stroki: Yamaha AG100 na DT, Suzuki A100 na TF125. Hizi ndizo zilibeba mabwana shamba, machifu, mapadri na watu wa afya kabla barabara za ndani ziwe na lami. Hiyo AG kwa jina ni ya agriculture, yaani iliundwa kwa kazi ya shamba. Ndio maana cheni yake imefungiwa ndani ya kifuniko chote na iko na keria ya mzigo mbele na nyuma. Alafu kuna Honda CG125, fo-stroki iliyotoka 1976. Honda waliiundia watu ambao hawana time ya kufanya sevisi: vali zake zinasukumwa na vyuma vya fimbo badala ya cheni ya ndani inayohitaji kukazwa kila saa.

Kama yako ni CG, maze, una bahati. Wachina waliinakili hiyo injini mpaka ikawa mama wa boda nyingi zilizojaa Kondele. Pistoni ya kwanza ilikuwa milimita 56.5 kwa mwendo wa 49.5, na duka lolote la spea litakutolea kitu cha saizi hiyo bila hata kuinua kichwa. Enda tu na ile ya zamani mkononi mlinganishe, juu pini ya pistoni na urefu zinaweza kutofautiana.

Kama ni tu-stroki, usikate tamaa vile watu wa duka watataka ukate. Watakuambia hizo zilikufa. Hawajaenda Dunga. Maboti ya wavuvi kutoka Dunga mpaka Mbita yanasukumwa na injini za Yamaha, nyingi zikiwa tu-stroki, na hao mafundi wa beach wanajua kuskiza pistoni vile nyanya yako anajua kuskiza mvua. Mafuta ya kuchanganya na petroli utayapata huko huko. Mimi fundi aliyenifunza hii kitu hajawahi kugusa pikipiki. Ni jaduong' wa maboti. Aliangalia injini yangu, akacheka, akasema: "Wuoda, hii ni boti tu imekosa maji."

Na kwa mtu wa bedsita tu-stroki ni rafiki. Haina vali za kwa kichwa, haina kamshafti. Ukifungua kichwa, silinda na pistoni, vyote vinaingia kwa beseni moja ya kufulia.

Karatasi kabla ya spana

Hii nitapita haraka lakini usiiruke. Kama logbook iko kwa jina la mtu aliyefariki, hiyo nduthi bado si yako hata kama uliirithi kwa mdomo mbele ya ukoo mzima. Barua ya chifu, urithi upitie kotini, ndio sasa uende kubadilisha jina NTSA. Anza hiyo safari mapema, juu inaeza kuchukua muda kuliko injini yenyewe. Namba ya pleti isipoanza na KM usishtuke, ni ya zile siku pikipiki zilipewa namba kama gari. Na andika namba ya injini mahali kabla ya kuanza kusugua na brashi ya waya, usije ukaifuta.

Keja iwe gereji

Injini ya mia moja ni nzito, karibu kama mtungi wa gesi wa kilo 13 uliojaa, lakini mtu mmoja anaibeba. Tafuta tairi kuukuu la gari, lilaze sakafuni, weka injini hapo katikati. Haitabingirika, haitakwaruza simiti ya landilodi, na unaizungusha upande wowote. Hiyo ndiyo meza yangu mpaka leo. Chini yake weka kadibodi na gazeti za kutosha.

Petroli haiingii kwa nyumba. Sisemi "jaribu usiingize". Haiingii. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni kama maji, unapita chini ya mlango na kufika kwa jiko la jirani anayepika omena, na huyo jirani ndiye atakuletea moto. Tangi libaki ocha au nje. Kuosha vyuma tumia dizeli au mafuta taa, na hata hiyo ufanyie kwa veranda, kwa karai, jiko likiwa limezimwa.

Bolti ndizo zinapoteza watu. Kata kadibodi, chora umbo la kifuniko cha klachi vile kilivyo, toboa tundu mahali kila skrubu inakaa, alafu udunge skrubu humo. Zile za kifuniko huwa na urefu tofauti. Ukiweka ndefu kwa shimo la fupi, utapasua alumini ukikaza. Vitu vingine vidogo viende kwa trei za mayai, na kila hatua piga picha na simu. Sio picha moja. Piga mpaka uone aibu. Trei zote zinalala chini ya kitanda, zimefunikwa, juu panya wa Manyatta hawajui spea ni nini.

Vifaa si vingi: soketi kutoka 8 hadi 24, nyundo ya plastiki, fila geji, pula ya magneto ya saizi ya injini yako, na ile bisibisi ya kugongwa na nyundo inayojizungusha. Hiyo ya mwisho ni muhimu, na nitakuambia kwa nini. Skrubu za Mjapani zinafanana na zile za nyota za kawaida, lakini mkato wake ni tofauti kidogo. Bisibisi ya nyota ya kawaida inapanda, inateleza, inakula kichwa cha skrubu, na hapo uko kwa shida ya drili. Ile ya kugonga inasukuma ndani huku ikizungusha. Gonga saa za mchana tu. Majirani ni watu.

Kabla utoe injini kwa fremu

Hapa ndipo wengi huchoma. Nati ya magneto, nati ya klachi na nati ya sproketi ya mbele zimekazwa na miaka. Injini ikiwa imelala kwa tairi utazishika na nini? Zilegeze injini ikiwa bado imefungwa kwa fremu. Weka gia ya juu, mtu akanyage breki ya nyuma, wewe uvute spana ndefu. Usizitoe, legeza tu. Magneto yenyewe itoke kwa pula peke yake. Ukiigonga na nyundo utapinda krenki, na krenki iliyopinda itakula beringi kila mwezi.

Kama pistoni imeshikana na kiki haiendi, usiruke juu yake kama vile wasee hufanya. Toa plagi, mimina dizeli au mafuta ya gia otomatiki kwa hilo tundu, uache siku tatu, uongeze, uache tena. Mimi niliacha wiki nzima. Kwa nati za eksosi zilizooza na unyevu wa ziwa, zipashe moto (nje, tafadhali), alafu ugusishe mshumaa kwa nyuzi. Nta inaingia mahali mafuta hayafiki.

Ndani: angalia nini

Ukishatoa silinda, kwanza kabisa ziba mdomo wa tumbo la injini na kitambaa safi. Saklipi ya pistoni ikiruka na kuanguka humo, utafungua injini yote kutafuta kiwaya cha urefu wa kucha.

Shika konrodi na vidole, vuta juu na usukume chini. Isikie sifuri. Ikiwa na mchezo wa kwenda juu na chini, beringi ya chini imekwisha na krenki lazima ipelekwe kwa fundi mwenye presi, hakuna ujanja. Mchezo kidogo wa kushoto na kulia ni sawa, imeundwa hivyo. Angalia silinda: mistari ya kushika ukucha inamaanisha kubore.

Sheria moja kuhusu kubore: nunua pistoni kwanza. Ovasaizi huja kwa hatua za milimita 0.25, na kabla hujajua gani iko sokoni usikubali mtu aguse silinda yako. Fundi wa lethi, iwe ni Obote Road au kwingine, anatakiwa kupima ile pistoni yenyewe akiwa nayo mkononi, abore kuifuata. Ukimpelekea silinda peke yake, atabore "ya kawaida", na utapata pistoni inacheza kama mchi kwa kinu.

Na kama ni tu-stroki, mwambie hii mara mbili: akimaliza kubore apige ncha za matundu ya silinda msasa, zisibaki na makali. Ringi inapita juu ya hayo matundu maelfu ya mara kila dakika. Ikipata kona kali inadakwa, inavunjika, na vipande vinachora silinda mpya. Fundi amezoea magari hatakumbuka. Pitisha kidole mwenyewe kabla ulipe.

Silinda ikirudi ioshe na maji moto na sabuni. Ndio, sabuni ya kufulia. Sugua mpaka kitambaa cheupe kitoke kikiwa cheupe, juu vumbi la kubore halitoki na dizeli. Alafu kausha na upake oili hapo hapo. Kwa hewa ya Kisumu, chuma kitupu kinaanza kuwa na rangi ya chai ukienda tu kununua chapo.

Kosa langu

Krenki ina sili mbili, moja upande wa magneto na moja upande wa gia. Kwa fo-stroki, sili ikichoka ni oili tu inavuja. Kwa tu-stroki ni noma ingine, juu lile tumbo la injini ndilo linavuta hewa na petroli kabla vipande juu. Sili ya upande wa gia ikikufa, injini inakunywa oili ya giaboksi: moshi mweupe hauishi na oili inapungua bila kuona inakoenda. Ya upande wa magneto ikikufa, inavuta hewa tupu. Mchanganyiko unakuwa mwepesi, na kwa tu-stroki petroli ndiyo imebeba oili. Petroli kidogo ni oili kidogo. Joto linapanda na wewe husikii kitu, kwanza inakimbia poa kuliko kawaida.

Mimi nilibadilisha pistoni na ringi, nikabore hadi 0.25, nikaona sili "ziko sawa kwa macho". Mpira umekaa ukavu miaka kumi na mimi naukagua na macho. Doh ilikuwa imeisha, na sili mbili niliona ni kitu ya mwezi ujao. Siku ya pili barabarani nikapanda mlima wa Riat, nikajisikia mfalme, na katikati ya kona injini ikalia *kwiii* na tairi ya nyuma likajifunga. Sikuanguka kwa sababu nilishika klachi. Kulikuwa na lori nyuma yangu. Hiyo honi bado naisikia nikilala.

Nikafungua: pistoni imechubuka upande wa eksosi, aluminiamu imepakwa kwa ukuta wa silinda kama siagi. 0.25 ikawa 0.50, pistoni ingine, ringi zingine, lethi tena. Hiyo ilikuwa rent. Landilodi alingoja wiki tatu, na kila asubuhi alikuwa anapitia mlangoni kunisalimia kwa upole sana.

Kwa hivyo: sili zote mbili, mpya, kila mara. Na baada ya kufunga, pima kama inavuja kabla ya kuiwasha. Ziba mdomo wa eksosi na wa kabureta na vipande vya mpira wa tyubu na klipu. Kwa tundu moja ingiza paipu ya ile mashine ya BP ya mkono, ile ina mpira wa kubonyeza na saa ya mshale. Pandisha hadi 250 hivi, ufunge, utulie dakika sita. Mshale ukibaki karibu hapo hapo, uko fiti. Ukishuka haraka, paka povu la sabuni kila mahali uone inapumulia wapi. Mashine yenyewe niliazima kwa nesi wa ploti yetu. Aliuliza mgonjwa ni nani.

Beringi na friza ya mama samaki

Kama umepasua tumbo la injini lote, badilisha beringi za krenki ukiwa hapo. Namba imeandikwa ubavuni, kwa hivyo usilipie jina la pikipiki. Enda duka la beringi na hiyo namba, ni bei tofauti kabisa.

Kuziingiza bila presi ni hivi: beringi zikae friza usiku mzima ndani ya mkebe uliofungwa, na alumini uipashe joto kwa karai ya mchanga juu ya jiko, nje, mpaka tone la maji likidondoka lichemke na kuruka. Baridi imekaza beringi, joto limepanua shimo. Ukishika na glavu na uwe straight, inaanguka yenyewe na mlio mmoja: tak. Uko na sekunde chache tu. Mimi sina friza, lakini jirani anauza mbuta na yeye anayo. Alikubali kwa sharti kwamba mkebe usinuke mafuta kwa samaki wake. Nikamwambia ni samaki wake ndio watanukisha beringi zangu.

Kufunga

Pistoni ya tu-stroki ina mshale juu, na huo unaangalia eksosi. Kwa kila mfereji wa ringi kuna pini ndogo, na mwanya wa ringi lazima ukae juu ya hiyo pini. Ukikosea, ringi itavunjika ukishusha silinda. Kabla ya kuivalisha, ingiza ringi peke yake kwa silinda, isukume chini na pistoni ndio ikae sawa, alafu pima mwanya na fila geji. Kwa injini ndogo kama hii unatafuta kati ya 0.15 na 0.35. Saklipi ni mpya, kila mara, hata kama za zamani zinaonekana poa. Gasketi za pembeni unaweza kukata mwenyewe kutoka kwa karatasi ya gasketi, lakini ya kichwa nunua.

Pointi za magneto, kama bado ni za zamani, zisafishe na uweke mwanya karibu 0.35. Kabureta ioshe yote, na jeti usizitoboe na waya. Puliza tu. Tundu likipanuka hata nywele moja umebadilisha injini bila kujua.

Kuwasha

Peleka nje. Injini ikinguruma ndani ya bedsita hata dakika tano inatoa sumu isiyo na harufu, na wewe ndiye utalala usiamke.

Kama Yamaha yako ina pampu ya oili, itoe hewa kwa paipu kwanza, na kwa tangi la kwanza usiiamini. Changanya oili kwa petroli pia: mililita 100 kwa lita 5. Kama uliitoa pampu kabisa, weka mililita 200 kwa hizo lita 5. Itatoa moshi kama matatu ya 1998, iache. Iwashe, ipate joto mpaka silinda isishikike, uzime, ipoe kabisa. Rudia mara tatu. Baada ya kupoa ya mwisho kaza nati za kichwa tena, kwa msalaba, injini ikiwa baridi.

Kwa kilomita 500 za kwanza usiende Riat wala Maseno. Chukua barabara ya Ahero, kilomita kama 25 za Kano, tambarare, na uwe unafungua na kupunguza mafuta, usishike mwendo mmoja. Toa plagi ukifika. Rangi ya chokoleti ni poa. Nyeupe, simama hapo hapo, kuna hewa inaingia mahali.

Oili chafu usimwage kwa mtaro. Mitaro ya Manyatta na Nyalenda inaingia Auji, na Auji inaingia ziwa pale Dunga, kwa samaki wa yule mama wa friza. Weka kwa mtungi, kuna wasee wa mbao na wa nguzo za fensi wanaichukua kuzuia mchwa.

Yangu ilirudi dala Jumapili moja, kuku wakahamishwa. Mathe alikuwa jikoni. Alitoka kabla nifike getini, juu alisikia, akasimama tu na mwiko mkononi mpaka nikazima. Alafu akaniuliza kama breki zinashika, na kama naweza kumpeleka soko Alhamisi.